Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kazi: Waya Ule Uliwekwa na Nani?

Mheshimiwa Waziri,

Nachapa barua hii kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja. Wa kulia umebaki na vidole viwili.

Nilikusudia kunyamaza. Miezi kumi na minne nimepigwa danadana na ofisi zako kwa adabu kubwa: njoo kesho, jalada linashughulikiwa. Wiki iliyopita likashughulikiwa kweli, likafungwa. Sababu ni maneno mawili tu, "uzembe binafsi". Wiki hiyohiyo kijana aliyepewa mashine yangu naye akakatwa. Nadhani ripoti yake imeshaandikwa, imebaki kubadilishwa jina.

Sikatai kwamba nilipitisha mkono kwenye mashine ikiwa inatembea. Ila mkaguzi wako hakuuliza mkono ulipata wapi njia. Mashine ile ya kukatia ina kinga ya chuma mbele, na kinga ikifunguliwa kuna swichi inayopaswa kuizima. Swichi ilikuwa imeungwa kwa waya ili mashine idhani kinga imefungwa. Niliikuta hivyo siku ya kwanza kazini. Aliyenifundisha kazi alinionyesha ule waya kama mtu anavyomwonyesha mgeni choo kilipo.

Kuizima, kutoa kipande kilichokwama na kuiwasha upya ni dakika nne. Ilikwama mara kumi kwa zamu, siku mbaya hata zaidi. Fanya hesabu, Mheshimiwa, kisha uniambie idadi ya vipande tuliyopangiwa ingefikiwaje. Aliyezima mashine aliitwa ofisini ajieleze. Aliyepitisha mkono alisifiwa kwamba anachapa kazi. Mimi nilisifiwa mara mbili mbele ya wenzangu, na hilo halimo kwenye ripoti.

Wenzangu wanasema waya ulitolewa asubuhi baada ya ajali. Mkaguzi alifika siku ya tisa, akaikuta mashine safi kama ya maonyesho na mzembe mmoja hospitalini. Nahisi alipigiwa simu, ingawa siwezi kuthibitisha. Kwamba waya ulirudishwa baadaye, vidole vya yule kijana vinashuhudia.

Tangu hapo nina muda mwingi wa kusoma. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ibara ya 16, unamtaka mwajiri ahakikishe, kadiri inavyowezekana, kwamba mashine zilizo chini yake ni salama. Mkataba namba 121 wa 1964 unaruhusu mtu kunyimwa mafao kwa ulevi wa hiari au kosa kubwa la makusudi. La makusudi! Mlevi na anayechezea mashine siwatetei. Lakini anayekimbizana na idadi aliyopangiwa na bosi, amekusudia nini? Uingereza iliandika kizuizi kama hicho katika sheria ya fidia ya 1897. Mwaka 1906 wakailegeza: mfanyakazi akifa au akipata ulemavu mkubwa wa kudumu, alipwe hata kama kosa ni lake. Miaka zaidi ya mia imepita, nasi bado tunajibizana kuhusu uzembe wangu.

Ni wewe uliyesimama jukwaani siku ya usalama kazini, Aprili 28, ukaahidi kwamba hakuna ajali itakayofungwa bila chanzo kujulikana. Nilikupigia makofi. Wakati ule nilikuwa na mikono ya kupigia.

Sasa kodi inadaiwa, mke wangu anafanya kazi mbili, na mimi kufunga kifungo cha shati ni mpaka mwanangu anisaidie. Nilikuwa na orodha ndefu ya madai, nimeifuta. Naomba jalada lifunguliwe na liulizwe swali moja: waya ule uliwekwa na nani, na nani alikuwa akiuona kila siku akapita? Likijibiwa hilo, nitakubali na fungu langu la lawama.

Mkaguzi aende zamu ya usiku, asipige simu kwanza. Mashine inatembea hata leo, ina mtu wa tatu.

Wako,
Mwendesha mashine wa zamani