Mjomba, tuanze na vitabu vya hesabu

Shikamoo mjomba,

Tangu tuachane Jumapili sijatulia. Ulisema dawa ya ufisadi ni moja tu: wafungwe wote, papa na dagaa. Vijana wakadai katiba mpya. Shangazi akasema tusijisumbue, akiondoka aliyeshiba anaingia mwenye njaa. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukubishia mbele za watu. Leo nakuandikia hadharani, maana najua mabishano haya hayako kwetu peke yetu.

Kwanza nikiri jambo. Mwaka jana nilifuata kibali katika ofisi moja ya umma. Karani alikuwa na faili langu mkononi. Hakunidai kitu. Alivuta droo ya meza, akaiacha wazi kidogo, akaendelea kupanga karatasi zake. Nilikaa nikiitazama ile droo. Mwisho nikatia hela, droo ikafungwa, muhuri ukagongwa. Naona aibu hadi leo. Lakini nimejiuliza mara nyingi: ningekataa, ningelalamika nikiwa nimeshika nini? Hapakuwa na tangazo lolote ukutani la kusema kibali kile kinalipiwa kiasi gani na kinatoka baada ya siku ngapi. Droo ile ilikuwa inaishi humo, katika kutojua kwangu.

Jela siikatai, mjomba. Mwaka 1973 Peter Godber, ofisa mkubwa wa polisi huko Hong Kong, alitorokea Uingereza akiwa anachunguzwa kwa mali asiyoweza kuieleza. Watu waliandamana wakitaka akamatwe. Februari 1974 ikaundwa tume huru ya kupambana na rushwa, na Januari 1975 Godber akarudishwa, akafungwa miaka minne. Ila angalia tume ilivyosukwa: haikuwekwa mikononi mwa polisi, ikawajibika moja kwa moja kwa gavana, na kando ya wapelelezi ikapewa idara ya kuziba mianya maofisini na nyingine ya kuelimisha wananchi. Wewe umetaja wapelelezi tu. Na bila uhuru ule, watakaofungwa ni waliokosana na wakubwa.

Kwa vijana nina neno moja. Iceland, baraza la wananchi 25 liliandika rasimu ya katiba, na Oktoba 2012 takriban theluthi mbili ya waliopiga kura wakaiunga mkono iwe msingi wa katiba mpya. Bunge halikuipitisha.

Kilichonigusa zaidi ni habari za wanakijiji wa Rajasthan, India. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vibarua wa miradi ya serikali walikuwa wakipunjwa ujira, wakaambiwa vitabu vinaonyesha hawakufanya kazi ya kutosha. Wakaomba kuviona hivyo vitabu. Wakajibiwa kwamba ni siri ya serikali. Chama chao cha vibarua na wakulima, MKSS, kilipopata nakala, kikaanza kuitisha mikutano ya hadhara kuanzia Desemba 1994, na hesabu zikasomwa kwa sauti, mstari kwa mstari, mbele ya watu ambao wengi hawakujua kusoma. Fulani, alifanya kazi siku kadhaa, alilipwa kiasi kadhaa. Na fulani mwenyewe yuko palepale, anasema mradi huo hakuwahi kuukanyaga. Jina linalofuata ni la marehemu. Jengo linalosemwa limekamilika, kila aliyepo analijua halina paa. Hebu fikiri mkutano wa namna hiyo, mjomba, karatasi inaposema na watu wanaijibu. Mwaka 1996 waliketi siku 40 mjini Beawar wakidai haki ya kuona hesabu, na mwaka 2005 India ikapata sheria ya haki ya kupata taarifa.

Karibu zaidi na sisi, Uganda, uchunguzi uligundua kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilikuwa zikipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa kwa matumizi yasiyo mishahara. Serikali ikaanza kutangaza magazetini, baadaye hata shuleni, kiasi kilichotumwa. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Matangazo hayakuwa mageuzi pekee ya miaka ile, lakini mzazi aliyesoma tangazo alikuwa na swali la kumuuliza mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa na swali la kupeleka juu.

Sisemi ni rahisi. India wapo walioomba taarifa wakauawa kwa ajili hiyo. Ndiyo maana sitaki mtu aulize peke yake. Aliye peke yake hunyamazishwa, lakini mkutano mzima uliokwishasikia hesabu, nani atazifuta masikioni mwao? Na mimi siamini kwamba wote ni walewale. Naamini yeyote, hata mimi, akikabidhiwa droo isiyotazamwa na mtu yumo hatarini.

Ndipo ninapokuhitaji wewe. Maisha yako yote ya kazi umeyatumia katika uhasibu. Sisi tunajua kubishana kuhusu majina ya wanasiasa, ila tukiwekewa bajeti mbele yetu hatujui hata pa kuanzia. Wewe unajua ni fungu gani huvimba bila sababu, na "matumizi mengineyo" huficha nini. Jumapili ijayo nitakuja na ripoti ya mkaguzi pamoja na bajeti ya mwaka uleule, zote nimeshazichapisha. Vijana watakuwepo, na shangazi amekubali kuja. Usisahau miwani yako.