Barua kwa mdogo wangu anayetunga mji

Sonapur, Dubai

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na Mama mfikishie zake kwanza. Mimi mzima. Hela ya kodi nimetuma juzi, itazame kwenye simu.

Hadithi yako nimeisoma yote, lindoni usiku, nikiziba mwanga wa simu kwa kofia. Mji wa minara ya vioo, na wanyonge ambao walipofika langoni walinyang'anywa vivuli vyao, vikafungiwa kabatini. Hapo ulinikamata. Niliinuka nikazunguka geti mara mbili. Pasipoti yangu niliikabidhi ofisini siku ya pili ya kufika. Wakasema wananiwekea isije ikapotea. Baadaye nikajua kwamba sheria ya huku inamkataza mwajiri kukaa na pasipoti ya mtu. Lakini kujua ni kujua, na kwenda kuidai ni kwingine, maana viza yangu imefungwa kwake. Ndiyo kafala hiyo: uko nchini kwa jina la mwajiri wako.

Askari wenye mijeledi waondoe. Mimi hapa sijapigwa hata kofi. Kinachotufuga ni foleni: ya choo, ya jiko, ya basi. Nikiwa zamu ya mchana, saa kumi alfajiri niko macho, saa kumi na moja tuko basini, saa moja naingia lindo la muda wa saa kumi na mbili. Kambini narudi saa tatu usiku, na saa za barabarani hazina malipo. Mjeledi wa nini kwa mtu anayelala huku kichwa kinagonga dirisha la basi?

Halafu umewapendanisha wanyonge wako mno. Chumbani tuko wanane, vitanda vya ghorofa, na jiko moja huligombea vyumba vitatu. Mlinzi anamdharau mfagiaji. Mfagiaji wa ofisini anamcheka mtu wa mjengo kwa kuwa yeye ana kiyoyozi. Kitunguu changu kimeshaibwa, nami nimeshaiba cha mwenzangu. Lakini yule Mbangladeshi wa kitanda cha chini alipofiwa na babake, hakuruhusiwa kwenda. Mazishi aliyaona kwenye simu. Tulitoka sote saba tukakaa koridoni, tukamfungia mlango ili alie peke yake. Chumba cha watu wanane kuachiwa mtu mmoja saa nzima! Sijui rambirambi kubwa kuliko hiyo.

Lugha yao pia iangalie. Wanaongea kama khutba. Sisi huku tunasemeshana Kihindi cha kuokoteza na Kiarabu cha kazini, ambacho mimi mtoto wa Kisauni nilishtuka kukikuta nusu nakijua: sabuni, sahani, hesabu. Siku msimamizi aliponifokea "hisab" nilielewa kabla ya wote kwamba mshahara umekatwa.

Na mtaa wao usiuite Shimoni. Hapa tunapolala paitwa Sonapur, kwa Kihindi Mji wa Dhahabu; kwenye ramani ya serikali ni Muhaisnah 2. Aliyepabatiza, kama alikuwa anatania, basi alikuwa mkali. Liibe jina hilo.

Sasa kuhusu vivuli vyenyewe. Kila mwaka kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, kazi za juani ni marufuku kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa. Nilipokuwa nalinda geti la mjengo nilikuwa nawaona wanaume wamelala kwenye kivuli cha kontena. Jua likisogea, nao wanasogea, hakuna anayeinuka, ni kujiburuta tu macho yamefumbwa, mstari mzima. Watu walionyang'anywa vivuli wakikimbizana na kivuli. Hiyo nakupa bure.

Lililokosekana kabisa ni uongo. Wanyonge wako hawaongopi kwao! Ile picha yangu mbele ya Burj Khalifa, aliyoitundika Mama sebuleni, shati si langu. Tulikuwa wanne na shati moja, tukapokezana nyuma ya gari. Mita 828 lile jumba, na mlangoni sijawahi kufika. Sasa kijana wa jirani, unamjua, ameniandikia kwamba ameiona picha na mamake yuko tayari kuuza kiwanja ampe ajenti. Wiki tatu sasa sijamjibu. Nikimwambia usije, atasema nimeshiba nawazibia wenzangu. Mtie mtu kama huyo kwenye hadithi, aliyetuma picha, na yule aliyeiona.

Mwisho wako, wanavunja kabati kwa umoja wao. Huku chama cha wafanyakazi hakiruhusiwi na kugoma ni kosa, kwa hiyo nilisoma ukurasa huo nikitazama nyuma yangu. Nimeupenda. Ila nijibu: vivuli elfu vimekunjwa pamoja miaka yote hiyo, mwenyewe atakijuaje chake? Mimi kwenye pasipoti ile nina nywele nyingi na mashavu.

Mama msomee mpaka pale pa kodi, ukomee hapo.

Kakako

Yule kijana asimruhusu mamake auze kiwanja. Mwambie nitampigia Jumapili.