Barua ya kufunga skuli, na khitma ya kijana wetu

Assalaam alaykum wazee wetu,

Ijumaa tunafunga skuli. Ripoti mje mzichukue wenyewe tafadhali, msimtume jirani, na walokuwa wakikosa kwa sababu ya karafuu siku zao nimeziandika pembeni, tutazungumza. Januari kila mtoto aje na madaftari na sare safi. Hayo ndo ya skuli, yalobaki ni ya mtu mmoja.

Juzi mtoto wa darasa la tatu kaniuliza, mwalimu, yule askari kwenye picha ofisini kwako ni mdogo wako? Nikashindwa kumjibu palepale. Hawajui, na sisi wakubwa hatujawaambia.

Wengi wenu mnaikumbuka 7 Disemba 2017. Magharibi, kambi ya walinda amani ya Semuliki kule Beni, Kongo, waasi wa ADF, kundi lililoanzia Uganda, waliivamia na mapigano yakaenda masaa mengi usiku. Watanzania 15 walikufa, waliojeruhiwa walizidi 40, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alisema ni shambulio baya kabisa kwa walinda amani katika miaka ya karibuni. Sisi hapa kijijini tulisikia kwenye redio kwanza, halafu simu zikaanza, halafu tukasikia kilio nyumba ile ya karibu na kisima.

Yule askari wa kwenye picha alikuwa mtoto wa nyumba ile, na mimi nilimsomesha hesabu. Msimu wa karafuu alikuwa anachelewa kila siku, mikono inanuka karafuu mpaka daftari linanuka, na mimi nikimsimamisha nje juani, hakuwahi kujitetea hata siku moja. Msibani ndo mama yake kaniambia kumbe mwaka ule baba alianguka mkarafuuni, mtoto alikuwa anapanda yeye alfajiri, anashusha, ndo anakuja skuli. Wallahi jambo hili linaniuma mpaka leo.

Kabla ya kwenda Kongo alikuja kuniaga. Alikuwa askari wa miguu, lakini siku ile kaja na kanzu, mipira miwili kwapani ya watoto, akapiga hodi mlango wa darasa na akasimama palepale nje akisubiri nimruhusu, kama vile bado kachelewa. Nikamwambia pita mwanangu. Hajafika hata miaka 25.

Nasikia wapo wanaosema kafa kwenye vita vya watu. Mimi sikubali. Wale waasi tokea 2014 walikuwa wakiwaua wanakijiji wa Beni mashambani mwao, wakulima kama sisi, na kikosi chake pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi kiliwekwa kule kwa ajili hiyo. Mtoto akikuuliza, mwambie hivyo, na mwambie pia alikuwa anapanda mikarafuu na hesabu za sehemu zilimshinda mwanzo mpaka akaziweza.

Jina lake sikuliandika kwa sababu mama yake kaniomba lisizunguke kwenye masimu, nanyi mnamjua.

Khitma tutaisoma hapahapa skuli, 7 Disemba baada ya laasiri. Watoto waje na juzuu zao, chai na mikate walimu tushachanga. Mama yake kasema atakuja inshallah, ila hataki kukaa mbele, kaomba awekewe mkeka pale mlangoni pa darasa.

Wassalaam,
Mwalimu mkuu