Baba, tumeshua chombo

Maldon, Essex, Uingereza
Mwisho wa Aprili

Baba na Mama wapenzi,

Assalaam alaykum. Shikamooni. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa mabega, na sababu yake mtaiona hapa chini. Mdogo wangu, unapomsomea Baba soma polepole, wala usiruke mistari kama ulivyoruka ile barua ya Ramadhani. Mama aliniambia.

Kwanza nina la kuungama. Miaka miwili hii kila mkiniuliza kazi nasema niko ghalani. Ghala niliacha zamani. Niko kwenye karakana ya vyombo vya tanga, na kazi yangu ni kukalafati, kuziba mianya ya chombo kwa pamba. Naam, Baba, kukalafati. Nilitoka kwetu Matondoni, Lamu, nikiapa kwamba sitashika tena nyundo ya mti maishani mwangu, nikapanda ndege, nikafika huku kwenye baridi, na riziki yangu nikaikuta mlemle ndani ya mwanya wa mbao na pamba. Nilinyamaza kwa sababu nilijua utacheka. Cheka sasa, ukimaliza unisikilize, kwa kuwa nina swali.

Mji wenyewe ni mdogo, uko juu ya mto uitwao Blackwater. Maji yakipwa hubaki tope tupu, vyombo vimelala ubavu kama kwetu. Gatini kuna majahazi ya kale ya mto Thames, chini yake bapa kabisa, kwa hiyo hukaa topeni wima bila kuegemezwa. Zamani yalipeleka majani makavu ya farasi London, yakarudi na samadi ya farasi haohao kwa wakulima wa huku. Jahazi zima, na mabaharia wawili tu! Matanga yake ni mekundu kama udongo wa Tsavo, na nilipouliza yanapakwa nini nikaambiwa udongo mwekundu na mafuta ya samaki. Nilicheka peke yangu. Kumbe sifa, yale mafuta yetu ya papa ya kupaka vyombo, inanuka hata Ulaya.

Chombo nilichotaka kuwaeleza si jahazi. Ni mashua ya futi 28, mlingoti mmoja, iliyoundwa mwaka 1936 kwa mbao za msonobari juu ya mataruma (mbavu za chombo) ya mwaloni. Mwenyewe ni bibi mmoja, mwalimu mstaafu, alirithi kwa marehemu mumewe. Hapa desturi ni kupandisha vyombo nchi kavu mwezi wa Oktoba na kuvishua majini majira ya kuchipua, maana kipupwe chao hakina mchezo. Lakini bibi pesa zilimpungukia, chombo kikakaa juu mwaka na nusu. Wewe unajua kitu hicho kinafanya nini kwa mbao. Zilikauka zikasinyaa, ukisimama ndani mchana ulikuwa unaona mwanga wa nje. Mwanya mmoja karibu na tezi, kule nyuma, uliingiza sarafu bila kuusukuma.

Tulianza mwezi wa Februari kwa kukwangua chini. Huku hakuna kuchoma makuti chini ya chombo kuua wadudu, wala kupaka deheni ya chokaa na shahamu. Wana rangi yenye shaba ndani yake, na hiyo shaba ndiyo inayozuia mwani na makombe yasishike. Ukikwangua ile ya zamani lazima uvae barakoa, na vumbi lote unalikusanya kwenye turubai, hairuhusiwi punje kuingia mtoni. Nilidhani ni maringo ya Wazungu mpaka fundi mkuu aliponieleza kwamba zamani walitumia rangi yenye bati, kali kuliko zote, ikawa chaza wa mito hii wanaota magamba mazito yaliyopinda, nyama ndani hakuna. Ikapigwa marufuku kwa vyombo vidogo mwaka 1987. Tangu hapo nafagia bila kunung'unika.

Injini sitaeleza, mimi na injini hatuelewani na ina fundi wake. Lakini zile koki za kupitisha maji kwenye tumbo la chombo nilizikagua mwenyewe, moja moja. Kuna shaba iliyochanganywa na zinki. Maji ya chumvi huila zinki polepole, na kinachobaki ni kama sponji. Unaijua kwa rangi: ukikwaruza kidogo inakuwa ya waridi badala ya manjano. Koki moja niliigonga kwa bisibisi ikavunjika mkononi mwangu kama biskuti. Wazia hilo likitokea baharini usiku. Tulibadilisha zote tatu, na kila moja tukaifungia kwa kamba kigingi cha mti laini, ili siku ikikatika mtu akipigilie papo hapo. Ndiyo sababu pia wanafunga kipande cha zinki karibu na rafadha, lile panga la kusukumia chombo: bahari ipate cha kula, iache rafadha. Mama, ni kama wewe unavyomwekea paka vichwa vya dagaa ili asiguse samaki wa karamu.

Sasa kalafati. Fundi mkuu ni mzee wa hapahapa, vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi. Mwanzoni nilikuwa mbeba mbao tu. Siku moja aliniona nasokota pamba juu ya paja, bila kufikiri, mkono ukifanya wenyewe. Akasimama. Akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia baba yangu huunda majahazi Lamu. Hakusema neno, akanipa nyundo yake. Ni nyundo ya mti yenye kichwa kirefu kilichopasuliwa nyufa nyembamba huku na huku ili itoe mlio, na mlio ndio unaokwambia pamba imeingia kiasi gani. Ikiwa bado, sauti ni butu. Ikikaa sawasawa, inalia.

Basi mimi kwa kutaka kuonyesha ujuzi nikaipiga pamba kama napiga ngoma ya harusi. Mlio ulikuwa mzuri sana! Mzee akaja, akaweka kiganja juu ya ubao, akaniambia niitoe yote. Futi kumi na mbili, kazi ya siku mbili. Akasema mbao hizi ni kavu, zikinywa maji zitavimba, na pamba ikikosa nafasi ubao utajisukuma nje au utavunja taruma. Nilisimama pale masikio yanawaka, si kwa sababu yake. Nilikuwa nakusikia wewe, chini ya ule mkungu, unamwambia Ami neno hilohilo na mimi nimekaa juu ya gogo nachezea simu. Kumbe lilikuwa limeingia.

Nikatoa pamba yote, nikaanza upya taratibu. Wiki mbili za mwisho tulitandika magunia mabichi ndani ya chombo, asubuhi na jioni nayamwagia maji, mbao zianze kunywa kabla ya siku yenyewe. Majirani wa karakana walidhani nalima mboga.

Kabla ya kusimamisha mlingoti, watu wa huku huweka sarafu chini yake. Bibi aliweka yake ya zamani. Nami nikamwomba ruhusa nikaweka shilingi kumi ya Kenya, iliyokuwa imebaki kwenye begi langu. Msimwambie Sheikh, sikukusudia kitu, niliona tu haya kuacha mlingoti mzima juu ya pesa ya Kiingereza peke yake.

Tumeshua juzi, siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita siku nyingine. Kwenu bamvua hujaa alasiri kwenye saa kumi, hapa hujaa saa saba mchana na tena saa saba usiku, basi watu wote walikula mapema. Usitegemee magogo na kamba na kijiji kizima kikivuta. Ni winchi kubwa yenye magurudumu manne, mikanda miwili chini ya tumbo la chombo, mtu mmoja ameshika kidude chenye vitufe kama cha televisheni. Hakuna aliyeimba, hakuna mbuzi. Bibi alimimina mvinyo kidogo omoni, mbele ya chombo, mimi nikasogea pembeni nikasoma Fatiha kimoyomoyo. Dakika kumi na tano, basi.

Kikagusa maji, kikaanza kuvuja pande zote. Bibi alishika mdomo. Alidhani kinazama, na kweli ukisimama ndani ulisikia maji yanacheka chini ya sakafu. Mzee akaamuru kibaki kwenye mikanda, kisiachwe, mpaka maji yajaze mara mbili. Mimi nikapewa zamu ya usiku na pampu ya mkono.

Nikakaa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, na taa na chupa ya chai. Kila robo saa nilikumba maji nikihesabu mikupuo ya pampu, nikiandika kwa chaki kwenye taruma. Saa tatu usiku: 140. Saa tano: 95. Saa saba, maji yamejaa tena, nilitarajia ipande, ikawa 60. Kati ya zamu na zamu nilizima taa nikasikiliza. Mbao zinavimba, Baba, na unazisikia, kama mtu anayejinyoosha kitandani. Alfajiri ilikuwa 12. Mzee alipokuja hakuniuliza kitu, alisoma chaki, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Ila pale kwenye ubao wa kwanza unaoshika mkuku, uti wa mgongo wa chombo, upande wa kushoto karibu na tezi, bado panadondosha. Tone, unasubiri, tone. Swali langu ndilo hilo. Nakumbuka mahali hapo ulikuwa hutumii uzi mmoja wa pamba kama kwingine. Je, zilikuwa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, au uzi mmoja juu ya mwingine? Na mafuta ulipaka kabla au baada? Mdogo wangu anirekodie jibu lako kwa sauti, asifupishe.

Pesa ya dawa za Mama nimetuma jana, na ya ada ya mtoto wa dada itafuata mwezi ukiisha. Mama, koti ulilouliza ninalo, ni zito, tulia.

Na jambo la mwisho. Mtoto wa jirani anayesoma London anarudi huku mwezi wa Juni. Baba, mpe ile chembeu yako ndogo ya kupigilia pamba, ile iliyoliwa upande mmoja. Za hapa ni pana, haziingii pembeni mwa mkuku. Mwambieni aiweke kwenye sanduku la kupakiwa, asije akaingia nayo kwenye ndege mkononi wakamkamata.

Ni mimi mwanenu.