Zuhura, hawa ndio walioamua mambo ya Mombasa

Mombasa

Kwa rafiki yangu mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, joto tu ndilo limezidi.

Ama baada ya salamu, swali lako halijaniachia. Uliniuliza uwajibu nini wanafunzi wako wakitaka kujua ni nani hasa aliyekuwa akiamua mambo ya Mombasa enzi za Wareno: kapteni wa Ngome ya Yesu, mkuu wa Goa, makao makuu ya Wareno huko India, au mfalme wa Ureno mwenyewe? Wote watatu walikuwa na sehemu yao. Lakini kuna wa nne ambaye vitabu vyetu vya shule vinampita kimya, nami naona ndiye anayestahili somo zima. Ni baraza la mfalme lililokaa Lisbon, Conselho Ultramarino, yaani Baraza la Ng'ambo.

Mfalme João wa Nne aliliunda mwaka 1642. Ureno ilikuwa imejitoa chini ya wafalme wa Hispania Desemba 1640, na Waholanzi walikuwa wanainyang'anya milki zake moja moja: sehemu ya Brazili, kisha Malaka na Luanda mwaka 1641. Mfalme alihitaji watu wa kumsomea barua za mbali na kumshauri. Rais wa kwanza wa baraza, Marquês de Montalvão, alikuwa ametawala Brazili, na pamoja naye waliwekwa watu wa vita na mwanasheria.

Kanuni yao iligawa wiki. Jumatatu, Jumanne na Jumatano zilikuwa za India. Alhamisi na Ijumaa za Brazili. Jumamosi ilibaki kwa São Tomé, Cape Verde na kwingineko. Sisi tulikuwa wapi? Ndani ya India. Kwa Wareno, "India" ilianzia Rasi ya Tumaini Jema ikaenda mpaka Macau, yote chini ya mkuu wa Goa. Kwa hiyo habari za Mombasa, na za Pate na Faza, miji jirani ya kisiwa cha Pate, zilisubiri zamu katika siku hizo tatu, pamoja na za Sri Lanka na za pwani ya Malabar. Barua ikisomwa, kila mjumbe hutoa rai yake, karani huandika, karatasi hupelekwa kwa mfalme, naye huandika uamuzi wake pembeni.

Sasa Zuhura, chukua karatasi na kalamu, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha yote. Waomani wa Imamu Saif bin Sultan waliizingira Ngome ya Yesu Machi 1696. Tuseme barua inaandikwa ndani ya ngome mwezi Aprili, pepo za kusi zinapoanza. Inafika Goa kabla bahari haijachafuka. Pale inangoja, maana merikebu za kwenda Ureno hung'oa nanga Desemba au Januari. Inafika Lisbon katikati ya 1697 au baadaye kidogo. Baraza linakaa, mfalme anaandika pembeni. Jibu linangoja tena, maana msafara wa India huondoka Lisbon Machi au Aprili. Linafika Goa Septemba 1698. Kutoka Goa kuja kwetu ni lazima kaskazi ivume. Jibu linaingia Mombasa mwisho wa mwaka 1698.

Ngome ilianguka Desemba 1698.

Nilipoimaliza hesabu hiyo niliinuka nikatembea chumbani. Jibu la kilio cha mwezi wa kwanza wa vita lingewakuta wamekwisha! Ni kweli Goa haikungoja Lisbon. Ilituma msaada kwa amri yake, na merikebu zake zilifika mwisho wa 1696 na tena 1697. Mojawapo, Santo António de Tanná, ilizama chini ya ngome Oktoba 1697. Na msafara wa mwisho ulitokea siku chache tu baada ya ngome kutekwa, ukaona bendera si yake, ukageuka. Lakini Goa yenyewe haikuwa na askari wa kutosha wala fedha. Vyote hivyo viliombwa Lisbon, na njia ya kuviomba ndiyo hiyo niliyokuhesabia.

Waambie wanafunzi pia ni nani aliyeilinda ngome ile maradhi yalipokwisha kuwamaliza Wareno mwaka 1697: Bwana Daud wa Faza na jamaa zake, Waswahili. Walishika kuta mpaka msaada ulipofika. Unaweza kumlaumu kwa upande aliouchagua, na wengi watamlaumu. Mimi naona Faza ilikuwa na ugomvi wake na Pate, na mtu haelezeki bila mji wake.

Umbali haukuchelewesha misaada tu, ulilinda dhuluma pia. Ukapteni wa ngome ulikuwa zawadi ya mfalme kwa waliomtumikia, kwa kawaida wa miaka mitatu, na aliyeupata alikuja kuvuna. Sultani Hassan wa Mombasa, wa ukoo wa Malindi uliokuwa rafiki wa Wareno, aligombana na kapteni, akakimbilia bara, akauawa mwaka 1614. Wakati huo lilikuwepo baraza jingine, la India, lililoanzishwa 1604, nalo likavunjwa mwaka huohuo wa 1614. Yusuf, mwana wa Hassan, alipelekwa Goa akingali mtoto, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kutawala 1626. Agosti 1631 alimuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa na kuitwaa ngome. Kwangu mimi, hilo ndilo jibu la mtu aliyeona kwamba mashtaka yanayokwenda kwa barua hayamfikii yeyote kwa wakati.

Baraza lile liliendelea mpaka miaka ya 1830. Karatasi zake zimehifadhiwa Lisbon, na barua za wafalme na wakuu wa Goa zimejalidiwa kwa jina la Vitabu vya Monsuni, kwa kuwa zilikwenda na pepo. Lakini kilichonigusa zaidi kiko Goa. Kule kuna barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, za Malkia Fatima na watu wake, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Ni katika maandishi ya kale kabisa ya lugha yetu yaliyosalia. Kwa hiyo hatukuwa watu wa kuandikwa tu, tuliandika pia.

Ndiyo maana nina ombi. Mjomba wako husoma hati za kale bila kukwama. Muulize kama atakubali kukaa na wanafunzi wako wakati wa likizo awafundishe kuzisoma. Mimi nitatafuta nakala za barua za Kilwa, nikizipata nitakuletea. Nijibu upesi, nipange safari ya Tanga.

Wako daima,
Mwanaisha