Dudley Wood ilistahili kubaki

Mhariri,

Ukurasa wako wa michezo uikumbuke Dudley Wood, uwanja wa klabu ya spidiwei (mbio za pikipiki) ya Cradley Heath, Uingereza, uliofungwa mwaka 1995 na kujengwa nyumba. Watani wao wa jadi, Wolverhampton, walikuwa jirani kabisa.

Asiyeujua mchezo huu aelewe: waendeshaji ni wanne, wawili kila timu, mizunguko minne. Pikipiki ya cc 500 hutumia methanoli, gia moja, breki haina kabisa! Kwenye kona gurudumu la nyuma huserereka, mguu wa kushoto ukiburuzwa ndani ya kiatu cha chuma. Pointi ni 3, 2, 1 na sifuri. Wenzi wa timu moja wakitangulia pamoja, ni 5 kwa 1, na mechi ya watani hugeuka hapohapo.

Kazi ngumu ni ya mtunza njia. Udongo ukikauka, vumbi huwapofusha walio nyuma. Maji yakizidi, magurudumu huchimba mifereji inayorusha watu.

Bruce Penhall alitwaa ubingwa wa dunia mara mbili akiwa Cradley, Erik Gundersen mara tatu. Klabu yenye rekodi hiyo kukosa uwanja wake inatuuma mpaka leo.

Wapenzi wa spidiwei