Mwanangu, kabla hujaweka faini

Mwanga, Kigoma

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Pongezi za kupandishwa kuwa msimamizi wa ghala nilishakupa kwenye simu, sizirudii. Ile sauti uliyonitumia WhatsApp niliisikiliza nikiwa mwaloni Kibirizi, upepo unavuma na wachuuzi wanagombania ndoo za dagaa, nikaona jambo lenyewe si la kujibiwa kwa dakika mbili. Unasema vijana wako wanachelewa zamu ya asubuhi na umechoka kuwasemesha. Kuanzia mwezi ujao atakayechelewa anakatwa hela, na ambaye hajachelewa hata siku moja anapata bonasi. Kisha unamuuliza mama yako, aliyezeekea chuo cha ualimu akifundisha saikolojia, anaonaje.

Naona usiweke faini. Kama sheria ya kazi inakuruhusu au haikuruhusu, hilo kamuulize afisa utumishi wenu. Mimi nitasema la kwangu.

Mwaka 2000 watafiti wawili wa uchumi, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha matokeo ya utafiti wao kwenye vituo 10 vya kulelea watoto katika mji wa Haifa, Israeli. Pale wachelewaji walikuwa wazazi: jioni mtoto hajachukuliwa, mwalimu amebaki naye anasubiri. Vituo 6 vikaanza kutoza faini ndogo kwa anayechelewa dakika 10 na zaidi, vingine 4 vikaachwa kama vilivyokuwa. Kule kwenye faini wachelewaji waliongezeka, baba. Waliongezeka hadi karibu maradufu, na faini ilipofutwa baadaye hawakurudi walikokuwa. Watafiti wana maelezo yao, mimi nakupa ya kwangu: kabla ya faini mzazi aliyechelewa alikuwa anaona haya, anajua mwalimu naye ana watoto wanaomngoja nyumbani. Faini ilipokuja, haya zikaondoka. Ameshalipia muda wa mwalimu, ana deni gani tena?

Kijana wako leo akichelewa anaingia ameinama, anasema samahani bosi. Ukianza kumkata elfu mbili ataingia kichwa juu, na ukimtazama vibaya atashangaa.

Sasa, kuhusu kinachomsukuma mtu, tuanzie tumboni, maana huko ndiko kila mtu anakoanzia. Wanasaikolojia wa zamani, akina Clark Hull wa Marekani kwenye miaka ya 1940, walishikilia kwamba kiumbe husukumwa na upungufu: una njaa unahangaika, umeshiba unatulia. Kwa njaa, kiu na baridi maelezo hayo yanakwenda vizuri. Ukitaka kuona njaa inavyomshika mtu, kawasome vijana 36 wa lile jaribio la Minnesota, Marekani, waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri zao, kisha wakajitolea kwa mtafiti Ancel Keys, vita kuu ya pili ilipokuwa inaelekea mwisho. Kwa miezi sita ya mwaka 1945 walilishwa karibu nusu ya chakula walichozoea, wakapungua kama robo ya uzito wao. Watu wenye akili zao timamu wakawa wanalamba sahani na kukusanya vitabu vya mapishi. Siasa hawataki, masomo hawataki, hata wasichana hawana habari nao.

Lakini kuna jambo pale ambalo wengi hulipita. Wale vijana hawakuwa wafungwa. Walikuwa wanajua kabisa kwamba mkate uko dukani, na wengi wao walivumilia mpaka mwisho, kwa sababu walitaka madaktari wajue namna ya kuwarudisha hali watu waliokuwa wanakufa njaa vitani Ulaya. Mtu anaota chakula usiku, na mchana anaendelea kukaa na njaa kwa ajili ya watu asiowajua hata kwa sura. Hull hapo angelieleza vipi?

Ndiyo maana ile piramidi ya mahitaji ya binadamu mnayoonyeshwa kwenye semina huwa inanichefua kidogo. Mwanasaikolojia Abraham Maslow, anayesemwa ndiye mwenye piramidi hiyo, katika makala yake ya 1943 hakuchora piramidi yoyote, waliichora wengine baadaye. Alitaja mahitaji ya mwili, usalama, kupendwa, kuheshimiwa, na kufikia kile mtu anachoweza kuwa. Akasema pia kwamba mpangilio huo haukukazwa hivyo, wapo watu ambao kwao umepinduka, na wala si lazima hitaji moja litoshelezwe lote ndipo la pili lichipuke. Wawezeshaji wenu huwa hawafiki huko. Wanachora pembetatu, mnakwenda kunywa chai.

Mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, watu wengi hapa walibanwa kweli, na hilo silidharau. Lakini jirani yetu mzee, yule mshona nyavu, kwake hawakulala njaa. Mkewe ana genge, ana na mawese yake, chakula kilipikwa kila siku. Mzee akawa anaamka alfajiri ileile ya siku zote, anavaa koti, anateremka ziwani, anakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Jua likipanda anarudi. Upande mmoja wa wavu wake niliuona kwa macho yangu akiufumua na kuushona upya, na haukuwa umechanika popote. Mkewe akaniambia, "Mwalimu, huyu bora angeumwa malaria, ningejua dawa."

Nilimkumbuka mwanasaikolojia Marie Jahoda. Huyu na wenzake walikwenda kijiji cha Marienthal, Austria, baada ya kiwanda cha nguo kilichokuwa kinategemewa na kijiji karibu chote kufungwa, wakachapisha kitabu mwaka 1933. Walifanya jambo ambalo nililipenda tangu nilipolisoma mara ya kwanza: walikaa dirishani na saa mkononi wakapima watu wanavyotembea barabarani. Wanaume wasio na kazi walikwenda polepole na kusimamasimama njiani. Wanawake, ambao bado walikuwa na jiko, watoto na nguo za kufua, walikwenda haraka zaidi. Halafu maktaba. Ungedhani mtu asiye na kazi ana muda wa kusoma mpaka achoke. Vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu, na hata ada ya kuazima ilikuwa imefutwa. Muda walikuwa nao tele, hawakujua waushike wapi. Miaka mingi baadaye Jahoda alieleza kwamba ajira, mbali na mshahara, humpa mtu mgawanyo wa siku, watu wa kukutana nao nje ya nyumba yake, shughuli, jina mbele ya wenzake, na kuwemo kwenye jambo kubwa kuliko yeye. Yule mzee alikosa yote hayo kwa mpigo, na sufuria ya ugali iko jikoni.

Kwa hiyo hao vijana wako hawaji hapo kwa hela peke yake, hata kama wenyewe watakuapia kwamba ni hela tu. Hela kwanza iwe inatosha. Sikuambii uwalipe kwa maneno mazuri, nisije nikasikia. Kama mtu mshahara wake unakatika tarehe kumi na tano, hapo hakuna saikolojia, kuna nauli. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh, kitabu kikatoka mwaka 1959, akaona kwamba yanayomchukiza mtu kazini na yanayomvuta kuipenda si mambo yaleyale. Mshahara mdogo, bosi mkorofi na mazingira mabovu humchosha mtu hadi aondoke. Ukiyarekebisha anaacha kulalamika, basi. Kinachomfanya aikumbuke kazi kwa furaha ni lile alilofanikisha mwenyewe na likaonekana. Wapo waliobishana na namna alivyouliza maswali yake, na walikuwa na hoja. Lakini mimi nimefanya kazi kwenye chuo ambacho choo cha walimu kilikaa kibovu muda mrefu, na siku kilipotengenezwa sikumwona mwalimu hata mmoja aliyeanza kuandaa masomo vizuri zaidi. Tuliacha tu kunung'unika.

Na iwe haki. Mwaka 2003 watafiti wa tabia za wanyama, Sarah Brosnan na Frans de Waal, waliandika habari za kima waliofundishwa kutoa kijiwe na kupewa kipande cha tango. Walikuwa wanakubali tango bila shida. Kima mmoja akimwona mwenzake anapewa zabibu kwa kijiwe kilekile, analikataa tango au analitupa. Tango ni lilelile alilokuwa analila! Sasa bonasi yako, wataiona akina nani wanapewa? Anayepanga chumba karibu na ghala hachelewi kamwe, anatembea kwa miguu. Anayetoka mbali anagombania daladala mbili gizani. Utawapa zabibu waliobahatika chumba.

Kuhusu bonasi yenyewe nina la kuongeza. Mwanasaikolojia Edward Deci mwaka 1971 aliwapa wanafunzi wa chuo fumbo la vipande vya kupanga, ambalo watu hulipenda lenyewe. Baadhi akawalipa dola moja kwa kila umbo walilopatia. Malipo yalipokoma, waliolipwa walilichezea kidogo kuliko awali wakati wa mapumziko. Miaka miwili baadaye Mark Lepper na wenzake waliona hivyo kwa watoto wa chekechea wanaopenda kuchora: walioahidiwa cheti mapema walipunguza kuchora siku zilizofuata, na waliopewa cheti kama hicho kwa kushtukizwa hawakupunguza. Usivuke mpaka hapo, maana kwa kazi ambayo tangu mwanzo haimvutii mtu, tafiti hazioneshi kwamba malipo yanaua chochote. Hakuna anayebeba katoni kwa mapenzi, kazi hiyo ilipie vizuri. Ila uliniambia kuna kijana aliyebuni alama zake za chaki kwenye rafu, na siku hizi mzigo mnaupata haraka. Hilo usiliwekee bei. Mwombe awaonyeshe wenzake, na meneja akija mtaje kwa jina.

Angalia pia unalipia nini hasa. Pale mwaloni kuna mwenzangu wa biashara hii yetu ya kuanika dagaa, aliona kina mama wake wanaanika taratibu, akaanza kuwalipa kwa gunia badala ya siku. Magunia yaliongezeka kweli. Na mchanga ukaongezeka ndani ya magunia, dagaa hawajakauka sawasawa, wanaanuliwa wangali na unyevu tumboni ili chanja ipatikane ya kuanika wengine. Mteja wake wa Zambia alimwaga kopo moja chini, akachambua kwa kidole, akaenda kwa mtu mwingine. Wale kina mama si wabaya. Walifanya kilichokuwa kinalipwa. Mimi nalipa kwa siku, na mwenye jicho kali kuliko wote ndiye anayeamua dagaa gani wamekauka, hata mimi simwingilii. Ukimwona anavyowageuza na kuokota kijiti kimoja kimoja, utadhani ni wake.

Sasa fanya hivi. Wale wanaochelewa sana, kaa nao mmoja mmoja, si ofisini, na usianze na saa. Muulize anatoka wapi, anaamka saa ngapi, nani anabaki na mtoto. Halafu wape wote ile ratiba ya zamu waipange wenyewe, wewe ukiwaambia tu kwamba saa moja kamili lori likifika lazima pawe na watu kadhaa mlangoni. Wakibadilishana zamu bila kukuuliza, waache. Itakuuma kidogo, najua ulivyo, wewe hata kabati la vyombo ulikuwa unataka vikombe vitazame upande mmoja.

Mama mdogo anakusalimu, na kakako ameahidi kukupigia. Nimekutumia dagaa na chupa mbili za mawese kwa basi, namba ya mzigo nitakutumia. Ukishaongea na hao vijana nipigie, lakini iwe jioni, mchana tunaanika.

Mama yako